Kamera za sinema zisiozee makabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu kamera za filamu zilizotupwa makabatini tangu video ilipoingia.

Kufikia mwaka 2011 ARRI, Panavision na Aaton walikuwa wameacha kutengeneza kamera mpya za filamu. Basi zilizopo ndizo za kutunzwa. Bolex H16 ya springi haihitaji hata betri. Hukazwa kwa mkono kama saa. Adui yake ni kukaa bure: grisi huganda, na unyevu huotesha ukungu unaoharibu lenzi.

Mafundi waliozijua wamestaafu na wanazeeka. Naiomba serikali iwapeleke vijana wa VETA kwao mapema. Kamera iliyoharibika hufunguliwa ikatengenezwa. Fundi akizikwa, ujuzi wake umezikwa naye.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kisarawe.