Maneno Matano Yaliyoitia London Hofu

Katika utenzi wa Fumo Liyongo imesimuliwa jinsi mama yake alivyompelekea tupa gerezani. Alipika vyakula vizuri, akapika na mkate wa wishwa, tupa akaificha ndani ya ule wa wishwa. Walinzi walikula vile vizuri, na ule mbaya wakamwachia mfungwa. Mtu akiujua mkasa huo amekwisha kuujua nusu ya mchezo wa Waingereza uitwao fumbo la maneno, kwa kuwa dokezo la fumbo hilo hufanya vivyo hivyo: humwekea msomaji maana nzuri mbele yake ili ashughulike nayo, na tupa imo katika neno alilolipita bila kulitazama.

Fumbo lenyewe ni mraba wenye vyumba vidogo, vingine vyeupe na vingine vyeusi. Kila chumba cheupe hutiwa herufi moja, na maneno hukatana, moja likienda upande na jingine likishuka chini. Mtu wa kwanza kuchapisha fumbo la namna hii alikuwa Bwana Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Fumbo lake halikuwa na hila. Liliuliza, nalo likajibiwa. Mchezo ulipovuka bahari na kufika Uingereza, wenyeji hawakuridhika na maswali ya wazi. Mwaka 1926 Bwana Edward Powys Mathers alianza kutunga mafumbo magumu kabisa katika gazeti la Observer, naye akajiita Torquemada, kwa jina la yule padre wa Hispania aliyeogopwa kwa kutesa watu. Aliyemfuata katika kazi hiyo, Bwana D. S. Macnutt, alijiita Ximenes, jina la mtesaji mwingine. Hapana haja ya kueleza zaidi jinsi watungaji hawa walivyowafikiria wasomaji wao.

Ufundi wa fumbo la hila ni rahisi kuueleza, ingawa si rahisi kuutenda. Dokezo jema lina sehemu mbili. Sehemu moja hutaja maana ya jibu. Nyingine huonyesha jinsi jibu linavyoundwa kwa herufi au silabi zake. Mtungaji huziunganisha sehemu hizi kwa ustadi hata mtu asione mshono. Watu wa pwani wanaojua kusema kinyume, yaani kugeuza silabi za neno ili wasioalikwa wasielewe, watapata njia mara moja katika dokezo hili: “Amri ya mwenye shamba, ikipinduliwa, ni utajiri (herufi 4).” Amri ya mwenye shamba ni LIMA. Igeuze silabi zake, upate MALI, nayo ndiyo utajiri. Namna ya pili ni kuficha jibu ndani ya maneno mengine: “Mwalimu Saidi anamficha Nabii (herufi 4).” Mwenye haraka atatafuta habari za mwalimu huyo, mwenye subira atasoma herufi, na katikati ya mwaliMU SAidi atamwona MUSA amekaa kimya. Namna ya tatu ni kuvuruga herufi: “Pakua ovyo ili kutoa kiapo (herufi 5).” Neno “ovyo” ndilo linaloamuru herufi za PAKUA zivurugwe, na zikipangwa upya zitakuwa KUAPA. Ipo na namna ya neno lenye maana mbili: “Hutembea upande ufukoni, huwaka jikoni (herufi 3).” Jibu ni KAA, naye msomaji aliyekwisha kumfuata kaa baharini atashangaa kumkuta ndani ya jiko.

Basi mchezo huu wa kupitisha muda uliwahi kuwatia hofu wakuu wa majeshi.

Mtungaji mkubwa wa mafumbo ya gazeti la Daily Telegraph la London alikuwa Bwana Leonard Dawe. Ndiye aliyetunga fumbo la kwanza la gazeti hilo mwaka 1925. Kazi yake hasa ilikuwa ualimu. Alikuwa mkuu wa shule iitwayo Strand, na katika ujana wake alipata kucheza kandanda katika klabu ya Southampton. Vita vilipokuja, shule yake ilihamishwa kutoka London mpaka kijiji cha Effingham, katika wilaya ya Surrey, ili wanafunzi waepukane na mabomu.

Wapelelezi walianza kuliangalia fumbo la Daily Telegraph mwezi wa Agosti 1942. Dokezo moja lilitaka jina la bandari ya Ufaransa, na jibu lake lilikuwa DIEPPE. Tarehe 19 ya mwezi huo huo majeshi yaliishambulia Dieppe, na askari wa Kanada zaidi ya 900 wakapoteza maisha yao. Ulifanyika uchunguzi, ikaonekana kuwa ilikuwa nasibu tu. Jambo likanyamaza.

Miaka miwili baadaye, wakati wa kuvuka bahari kwenda kuikomboa Ufaransa ulikuwa umekaribia. Tarehe 2 Mei 1944 lilitokea jibu UTAH. Dokezo lake lilisema tu kuwa ni mojawapo ya majimbo ya Marekani, wala hapakuwa na ufundi wa kusifiwa. Lakini Utah lilikuwa pia jina la siri la ufuko mmoja waliokusudia kushukia Wamarekani. Tarehe 22 Mei likatokea OMAHA, jina la siri la ufuko wa pili wa Wamarekani. Dokezo hili lina hila kidogo: lilimtaja Mwenyeji Mwekundu aliye juu ya mto Missouri, kwa kuwa Omaha ni kabila la wenyeji wa Marekani, na tena ni mji uliojengwa kando ya mto huo. Tarehe 27 Mei likaja OVERLORD, maana yake bwana mkubwa aliye juu ya mabwana. Na hilo lilikuwa jina la siri la mpango mzima.

Dokezo la tarehe 30 Mei ndilo tamu kuliko yote. Jibu lake ni MULBERRY, yaani mforsadi, nalo lilikuwa jina la bandari za kuundwa ambazo zingevutwa baharini vipande vipande mpaka Ufaransa. Bwana Dawe aliandika habari za kichaka kilicho katikati ya mapinduzi ya watoto wadogo. Msomaji asiyejua angefikiri kuna fitina ya kupindua serikali, na neno lenyewe la Kiingereza lina maana hiyo. Walakini maana yake ya pili ni kuzunguka, na watoto wa Kiingereza wana mchezo wa kushikana mikono na kuuzunguka mforsadi huku wakiimba. Mwisho, tarehe 1 Juni, likatokea NEPTUNE, jina la siri la kazi ya manowari na la kuwavusha askari. Dokezo lilisema kuwa yeye na Britannia wameshika kitu kimoja. Mtu angedhani wana imani moja au shauri moja; kumbe kilichoshikwa ni chusa chenye meno matatu, ambacho mungu wa bahari huchorwa nacho, na Britannia vilevile, yule mwanamke aliye alama ya Uingereza.

Majeshi yalikuwa yavuke tarehe 5 Juni, nayo yakavuka tarehe 6 kwa sababu ya hali ya hewa. Siku hiyo moja walishuka Ufaransa askari zaidi ya 150,000. Kama adui angalijua mapema mahali pa kushukia, si rahisi kukadiria wangapi wangalikufa majini. Kwa hiyo si ajabu kwamba maofisa wa upelelezi walimhoji Bwana Dawe kwa ukali. Hawakupata kosa lo lote, wakamwacha.

Yafaa kulipima jambo hili kwa sheria za fumbo lenyewe. Mpelelezi ambaye angependa kumpasha adui habari asingaliandika neno tupu katika gazeti linalouzwa kila njia, bila kutaja siku wala mahali. Adui akisoma “mforsadi” atajua nini? Tena madokezo yote matano yanaelekea mbali na vita: jimbo, kabila, mkubwa, mchezo wa watoto, mungu wa bahari. Ila nasibu peke yake haitoshelezi moyo. Utah na Omaha ni maneno mafupi yenye vokali nyingi, nayo hukaa vyepesi katika vyumba vya fumbo. Lakini Overlord na Mulberry hayaji kila siku, tena yote mawili kwa juma moja.

Jawabu jingine lilipatikana mwaka 1984, miaka mingi baada ya Bwana Dawe kufariki. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alieleza kuwa mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, naye baadaye akayatungia madokezo. Karibu na shule palikuwa na kambi za askari wa Marekani na Kanada, na wavulana walikuwa wakiingia na kutoka. Yule mwanafunzi, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi wakati ule, alisema kuwa aliyasikia maneno hayo kambini, akayaandika katika daftari, kisha akayatia katika miraba. Bwana Dawe alipogundua alimwamuru azichome daftari zile, akamwapisha kwa Biblia asiseme.

Wako waliotia shaka, wakisema kuwa askari wa kawaida hawakuambiwa majina ya fuko kabla ya wakati. Shaka hiyo ina uzito. Lakini huenda askari walilisikia jina bila kujua ni la nini, kama vile yule mvulana alivyolisikia, na kama wasomaji wa gazeti walivyoliandika katika vyumba vyao asubuhi huku wakinywa chai.

Dokezo la kumalizia, kwa wale wanaotaka kujaribu wenyewe: “Mpe Bibi Asha radhi, moyoni mwake mna kazi ya dukani (herufi 8).”