Tahariri: Likizo ya Mzazi wa Usinge Iko Mikononi mwa Nani?

 

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo aghalabu huachwa likazungumzwa jikoni na kliniki, nalo ni haki ya mwanamke aliyejifungua na anayenyonyesha. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya akina mama, hayana nafasi msikitini. Tunawaomba wafungue Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Humo Allah ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na ndani ya aya hiyo hiyo akaweka juu ya baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama huyo, kwa ada na kwa kadiri ya uwezo wake. Tena katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6, hata mwanamke aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto wa yule aliyemwacha, ameamriwa apewe ujira wake. Basi kunyonyesha ni kazi, na kazi hiyo ina mdaiwa. Mdaiwa wenyewe ni sisi wanaume tunaojaza safu za mbele.

Serikali nayo imelitambua hilo kwa namna yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Na akirejea kazini mwajiri hana budi kumruhusu anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku. Baba alipewa angalau siku tatu. Tunaziona siku tatu kuwa chache mno, lakini hata hizo ni wangapi wanaozitumia nyumbani?

Sasa tuitazame Usinge. Mji huu uko kwenye reli ya kati baina ya Kaliua na Nguruka, katika nchi iliyopitiwa na misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, kisha ikaelekea Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi wa zama hizo alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, lakini jioni alifika kambini akautua. Wengi wa wanawake wa Usinge leo hawana mwajiri wa kuwaandikia likizo. Wanalima mahindi, mpunga, karanga na, zaidi ya yote, tumbaku, kwa kuwa wilaya ya Kaliua ni miongoni mwa nchi kubwa za tumbaku katika Tanzania. Mwanamke huyo akijifungua, anayeamua siku ya kurudi shambani ni mumewe, mama mkwe wake na msimu. Msimu hauna huruma. Mvua za Novemba na Desemba zikinyesha miche huhamishwa kutoka kitaluni. Ikifika Januari majani huanza kuchumwa, kufungwa kwenye vijiti na kukaushwa kwa moto katika mabani. Aliyejifungua katika miezi hiyo huhesabiwa kuwa mkono uliopungua, na hapo ndipo dhulma inapoanza, tena mara nyingi bila ya mtu kukusudia.

Tuelezane jinsi mambo yanavyokwenda. Maziwa ya mama huongezeka kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mama akiondoka alfajiri akarudi adhuhuri, na mtoto akabaki na bibi yake, ziwa halikamuliwi, na maziwa huanza kupungua. Mtoto akilia hupewa maji au uji mwepesi. Tumbo likijaa uji hunyonya kidogo zaidi, na maziwa hupungua tena. Baada ya majuma machache watu husema mama hana maziwa. Alikuwa nayo, ila aliondolewa penye mtoto. Machovu na hofu navyo huzuia maziwa yasitoke hata kama yamo.

Tumbaku yenyewe ina lake. Majani mabichi yenye umande hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi, ikaleta kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Wachumaji wote wanaijua hali hiyo. Nikotini hiyo huingia pia katika maziwa. Mwenye kunyonyesha akilazimika kuyashika majani, angalau aoge na abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Lakini kauli yetu ni kwamba asipelekwe kabisa kwenye kazi hiyo. Na tusijifiche nyuma ya arobaini. Siku arobaini zinazotajwa na wanavyuoni, au 60 kwa kikomo cha madhehebu ya Shafi, ni hukumu ya damu ya nifasi, inayohusu sala, saumu na unyumba. Hakuna aliyesema kwamba siku ya 41 mzazi akabidhiwe jembe.

Lipo jambo jingine linalotugusa sisi watu wa Tabora hasa, nalo ni asali. Nchi yetu ni ya nyuki, na sote tunaamini yaliyosemwa katika Sura ya An-Nahl kwamba asali ina ponyo. Kwa imani hiyo njema wapo wanaomlambisha mtoto mchanga asali siku ile ile anapozaliwa. Madaktari wanakataza asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kubeba vijimbegu vya maradhi ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda na la mtoto haliviwezi. Akiugua hulegea viungo, na huweza kufa. Kuna ponyo katika vitu vingi ambavyo hatumpi mtoto wa siku moja. Vivyo hivyo maji ya kombe, ambayo hayana asili katika mafundisho ya Mtume, hayafai kabisa kwenye kinywa hicho. Anachohitaji mtoto ni ziwa la mama ndani ya saa ya kwanza, pamoja na yale maziwa mazito ya manjano, dang'a, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, ilhali ndiyo kinga yake ya kwanza. Kisha miezi sita ya maziwa ya mama matupu, bila hata maji, kwani sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji, nayo humtosha hata katika joto la Oktoba. Mwaka 2004 hadi 2005 utafiti wa taifa ulionyesha kwamba asilimia 41 ya watoto wa chini ya miezi sita walinyonyeshwa hivyo. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 64. Wanawake wa nchi hii wamejitahidi. Aghalabu anayeshinikiza mtoto apewe maji ni mtu mwingine ndani ya nyumba.

Na mtoto akidhoofu, nani hulaumiwa? Husemwa amebemendwa: wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mama ana mimba nyingine. Mama huaibishwa, baba hupata kisingizio cha kulala kwingine, na mtoto mwenye utapiamlo hufungiwa hirizi badala ya kupelekwa zahanati. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitaka kukataza mume kumwendea mke anayenyonyesha, kisha akazingatia kuwa Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, hakukataza. Kinachomdhuru mtoto ni njaa, maradhi, na kuachishwa ziwa ghafla. Mimba za karibu karibu nazo humchosha mama, kwa hiyo wanaoshauriana kupumzika miaka miwili kabla ya nyingine hawajatenda kosa.

Wapo pia wazazi wanaolia bila sababu inayoonekana, wasiolala, wasiotaka hata kumtazama mtoto. Huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kwa mganga wa zahanati, wala asiitiwe wapunga pepo.

Na Ramadhani ikifika, anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula. Asichunguliwe jikoni na mawifi.

Tunawaomba maimamu wa Usinge na vijiji jirani wayaseme haya kwenye khutba kabla ya msimu wa kuchuma. Kila jamaa iweke zamu: kuni na maji viletwe na vijana, chakula kipikwe na akina mama majirani, na kaka au shemeji ashike vijiti vya tumbaku mahali pa mzazi. Tuanzie kwenye akika. Siku ya saba mbuzi huchinjwa, wanaume tukaketi mkekani tukala mapaja na maini, na aliyezaa akaletewa mchuzi na mifupa saa tisa alasiri. Safari hii sahani ya kwanza ipelekwe ndani, ikiwa na nyama, kabla imamu hajaletewa maji ya kunawa.