Faili Lilibaki Kwenye Flashi

Mwaka 2010 tulikuwa watatu, Wakenya wawili na Mtanzania mmoja, tunamalizia mwaka wa mwisho kule Dubai International Academic City. Mradi wetu wa C# ulikuwa na hifadhidata ya majedwali 40, na kila jedwali linataka faili lake la kodi (siyo kodi ya chumba cha Deira, ile ilitutoa jasho kivyake). Nani aandike mafaili 40 kwa mkono? Jamaa mmoja akatupa programu-jalizi ya Visual Studio: unabonyeza mara moja, inaandika mafaili na kuyaingiza kwenye mradi yenyewe. Raha tupu!

Siku ya kuonyesha kazi, kompyuta ya ukumbini ikafungua mradi. Alama za manjano kila faili, halafu kosa CS2001, yaani faili halipatikani. Kumbe jalizi ilikuwa inaandika mafaili kwenye flashi, kisha inaita AddFromFile, ambayo kwetu ilisajili tu anwani ya faili pale lilipo. Na flashi iko kwenye mfuko wa suruali, suruali iko chumbani. AddFromFileCopy ndiyo inayonakili faili hadi ndani ya folda ya mradi. Neno moja tu, jamani! Mhadhiri akauliza nani kaandika sehemu hii. Tukatazamana.

Mimi sisemi turudi kuandika kwa mkono. Kazi ya punda aifanye punda. Ila usiruhusu kitu kiguse mradi wako kama hujui kinaandika nini na kinakiweka wapi. Tungekaa jioni mbili tatu tukaunda jalizi yetu wenyewe, hata kama mbovu, angalau swali la mhadhiri lingepata jibu.

Najua mtaniambia hayo ya kale. Kweli, jalizi za namna ile ziliondolewa katika Visual Studio 2015, na tangu 2017 miradi ya mtindo mpya inaokota yenyewe kila faili la C# lililomo ndani ya folda yake. Lakini leo mna msaidizi wa akili mnemba ndani ya kihariri, anaongeza mafaili 10 kabla chai haijapoa, nanyi mnabonyeza kukubali, basi. Nimewaona. Juzi nilimwuliza mdogo wetu mmoja wa Kampala folda mpya kwenye mradi wake ni ya nini. Akacheka: "Kaka, hiyo ilikuja yenyewe."

Anauwasilisha wiki ijayo.