Huruma ya kampani ina bei

Wandugu wa kazi, wako wazee wanaosema ya kama Union Minière ilitoa nyumba na posho kwa huruma. Tuangalie vizuri.

Mwaka 1910 ilianza Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu vijijini, Bulamatari akiitegemeza. Machifu walisukumwa kutoa vijana. Mtu akiugua ao akikimbia, mwingine analetwa. Kwa nini basi kumtunza? Katika miaka ya 1920 serkali iliweka mpaka kwa hesabu ya wanaume wa kutolewa vijijini. Kampani ikatafuta hata Ruanda-Urundi, lakini safari ndefu inakula feza. Ndipo, tangu 1928, ikaanza mapatano ya miaka 3, na mtu kuambiwa alete bibi yake kambini. Huruma gani hiyo, iliyongoja mpaka watu wawe ghali?

Basi serkali ikisema itapunguzia kampani kodi ili iandike watu, tuulize: inapunguza siku ya kuandikwa, ao kisha mtu kubaki miaka 3? Kama ni siku ya kwanza, kampani itaandika wengi na kuwafukuza upesi, halafu itaandika wengine. Wajumbe wetu watie sharti hilo la miaka katika sheria, mbele ya kupiga kura.