Mbegu Nayo ni Njia Kuu ya Uchumi

Wako wasomi, wengine maofisini na wengine madarasani, ambao wakisikia kwamba binadamu anaunda uhai kwa mikono yake hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema hiyo ni kufuru na kufunga mjadala. Kundi la pili, lililolewa kasumba, hushangilia kila kinachotoka katika maabara za Ulaya na Marekani. Makundi haya hujiona kuwa mahasimu. Kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yanaiacha kazi mikononi mwa wageni.

Hofu ya kundi la kwanza ni ya kale. Wayahudi wanayo hekaya ya golem, mtu wa udongo, ambaye kufinyangwa kwake kunahusishwa na Rabi Loew wa mji wa Prague, aliyefariki mwaka 1609. Katika masimulizi mengine golem aliandikwa kwenye paji la uso neno la Kiebrania lenye maana ya kweli. Herufi ya kwanza ilipofutwa, lilibaki neno lenye maana ya kufa, naye akarudi kuwa udongo. Wengi huiona hekaya hiyo kuwa ni onyo kwa anayemwigiza Muumba. Lakini limo pia fundisho la siasa: golem hakuwa na kauli juu ya maisha yake. Kauli ilikuwa ya yule aliyeijua herufi.

Katika zama hizi herufi hiyo imekuwa karatasi ya mwanasheria. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba bakteria aliyebadilishwa na binadamu anaweza kupewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Mwaka 1996 kondoo Dolly alizaliwa Uskochi kutokana na chembe ya kondoo mwingine mzima. Mwaka 2010 Craig Venter na wenzake huko Marekani walitangaza bakteria anayeongozwa na vinasaba vilivyotungwa maabara, ingawa vilitiwa ndani ya chembe iliyokwisha kuwa hai.

Anayedhani mambo hayo yako mbali na Tanzania na aende Usa River, chini ya Mlima Meru. Hapo kipo Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji. Mbegu za madume bora hukusanywa, hupimwa, hutiwa katika mirija na kuhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Dume mmoja aweza kuwa baba wa ndama katika mikoa asiyowahi kuikanyaga. Huko si kuumba uhai, lakini ni kuuongoza, na kituo hicho ni mali ya umma. Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Wananchi wa Meru hawahitaji kufundishwa maana ya kumiliki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao iwe ya ufugaji wa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alilipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa. Wakati ule yalichukuliwa malisho ya ng'ombe. Leo sheria za ulimwengu zinamruhusu tajiri kumiliki hata kilichomo ndani ya chembe ya kiumbe hai.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi. Hesabu ya njia hizo haiwezi kukamilika leo bila mbegu na vinasaba.

Novemba 2018 Serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba huko Makutupora, Dodoma, na Januari 2021 ikayafuta majaribio ya namna hiyo. Kukataa ni haki ya nchi huru. Lakini wako watumishi wanaoridhika na katazo hilo kana kwamba kazi imekwisha. Mlinzi asiyejua kusoma hati ya mzigo hawezi kujua kilichopita langoni. Nchi isiyo na wataalamu wake wa vinasaba italazimika kumwuliza mwuzaji kama bidhaa yake ni salama.

Watasema nchi haina fedha za maabara. Basi watueleze mkulima atazipata wapi fedha za kununua mbegu chotara kila msimu, maana akizirudia zile alizovuna mavuno hupungua.

Wajibu uko wazi. Mtumishi wa Serikali ahakikishe kwamba Usa River, pamoja na benki ya taifa ya nasaba za mimea huko Ngaramtoni, havikosi fedha wala vijana waliosomea kazi hiyo. Ng'ombe wa asili wanaostahimili ukame na maradhi waorodheshwe na kuhifadhiwa kabla hawajapotea katika mbio za kutafuta maziwa mengi. Naye mwalimu aache kuwakaririsha wanafunzi njegere za Mendel huku shamba la shule limejaa mahindi. Awatoe nje, wachague mbegu, wazipande, walinganishe mavuno. Mtaalamu wa kuilinda mbegu ya Taifa hili ataanzia hapo.