MAFUA YAKO, KESI YA MWENZIO

Wiki hii tuweke pembeni habari za mapenzi na disko, tuongee ishu ya mafua. Najua unacheka. Mafua nayo ugonjwa? Ndimu, tangawizi, kesho yake uko fiti kijiweni.

Sawa, wewe misuli yako inapiga kazi. Mtoto wa shangazi yangu ana miaka 17 na ana ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne. Ni hitilafu ya jeni, inawakamata zaidi watoto wa kiume. Mwili unakosa distrofini, ile protini inayoilinda misuli. Miguu ndiyo inayoanza kulegea, na miaka inavyokwenda udhaifu unafika mpaka kwenye misuli ya kupumulia.

Sasa kukohoa nako ni kazi ya misuli. Wewe makohozi yakikubana unakohoa, yanatoka, mchezo umekwisha. Dogo hana nguvu hiyo. Yanabaki kifuani, mara nimonia, mara mashine ya kupumulia. Ndiyo maana watu wa aina yake wanashauriwa kuchanjwa influenza, yaani yale mafua makali yenye homa, kila mwaka. Uingereza wanachomwa bure.

Kwa nini kila mwaka? Kirusi chenyewe kinyonga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakaa mara 2 kwa mwaka kushauri chanjo ijayo itengenezwe vipi.

Kuna washikaji watadai sindano yenyewe ndiyo inaleta mafua. Acheni hizo! Chanjo ya sindano haina kirusi hai. Mkono utauma, pengine na kahoma ka siku moja mbili, basi. Kinga inachukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo ukiugua katikati usiitupie lawama sindano. Haizuii kila kitu, lakini inapunguza hatari ya kuzidiwa.

Shangazi kaweka na sheria: mwenye mafua haingii chumbani kwa mwanae. Majuzi baba mdogo katoka mkoani anapiga chafya mfululizo, akawekewa kiti barazani. Alinuna huyo! Eti dada yake anajifanya mzungu. Kikaitwa kikao cha ukoo. Mimi nilisimama na shangazi: heshima ya mgeni utailipa kwa chai na chapati hapo hapo barazani, pumzi ya mtoto utailipa na nini?

Kama nyumbani kwenu yupo mwenye misuli dhaifu, muulizeni daktari wake juu ya chanjo hii, maana kwenye kadi ya kliniki ya mtoto hamtaikuta. Nanyi mnaoishi naye ulizieni yenu, kwani ninyi ndio mnaomletea kirusi kutoka kwenye daladala.

Na wewe unayekwenda kumjulia hali mgonjwa huku unapenga kamasi, piga simu, salamu zitafika. Tukutane wiki ijayo!