Kwa nini muuguzi anauliza maswali mengi?

Mtoto akiwa na homa, muuguzi wa jamii anakuja nyumbani na daftari. Homa ilianza lini? Nani analala naye? Maji mnachota bomba gani? Wengine wanakasirika: "Huyu ni muuguzi au polisi?"

Wazazi, hiyo ndiyo kazi yake. Inaitwa epidemiolojia: kujua nani anaugua, wapi, na tangu lini. Mtoto mmoja akiharisha anapewa dawa. Watoto kumi wa bomba moja wakiharisha, lazima bomba lenyewe liangaliwe. Bila daftari, nani angejua?

Tukumbuke Marburg hapa Kigali. Ilitangazwa tarehe 27 Septemba 2024. Watu 66 waliugua, 15 wakafa, na wengi wa hao wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa afya. Kila aliyemgusa mgonjwa alitafutwa, akafuatiliwa siku 21, maana ugonjwa unaweza kujificha mwilini muda huo wote. Kwa kuuliza hivyo hivyo, walifika mpaka kwenye pango la machimbo lenye popo. Tarehe 20 Desemba 2024 ikatangazwa kwamba umekwisha.

Sisi wakimbizi tunaogopa orodha za majina, na sababu tunazo. Basi muulize kwanza: majina haya yanaenda wapi? Ni haki yako. Akishakujibu, mwambie ukweli. Jina moja likifichwa, jirani ndiye anaumia.

Tuonane mwezi ujao.
Mwalimu wenu